Kabla ya kuuza shamba kwa ajili ya Kijerumani

ANAYETOKA Kasese akifika Kikorongo hana budi kuamua. Akinyoosha anakwenda Katunguru, Mbarara na hatimaye Kampala. Akikata kulia anaelekea Bwera, Mpondwe na mto Lhubiriha, na ng'ambo ya mto ni Kasindi, nchini Kongo. Wafanyabiashara wa mpakani wanaijua njia panda hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu hapo ndipo mzigo unapochukua jina: huu ni wa Kongo, huu ni wa Kampala.

Siku hizi katika barabara hiyohiyo kuna mazungumzo ya safari nyingine, ya mbali zaidi. Nayasikia ndani ya teksi, nayasikia kwenye vibanda vya kutuma pesa, nayasikia hata watu wanapotoka ibadani. Kijana amepata nafasi ya kwenda Ujerumani, chuo kikuu, mwaka mmoja wa kunoa lugha, na baada ya hapo mambo yatajipa yenyewe. Mzazi anaombwa atoe pesa. Na kwa kuwa wazazi wengi wa huku hawana akaunti nono benki, kinachotazamwa ni shamba la kahawa, kiwanja cha Bwera au mtaji wa duka.

Sina ugomvi na kijana anayetaka kusoma. Kijerumani ni lugha ya vyuo vikuu vikubwa, ya viwanda na ya hospitali zinazotafuta watu wa kufanya kazi. Ninachotaka tukitazame ni swali ambalo halitajwi katika mazungumzo hayo: lugha hiyo inakwenda kufanya kazi gani? Kwa mtazamo wangu, asiyeweza kutaja kazi ya lugha anayokwenda kuinoa hapaswi kuuziwa hata mbuzi mmoja kwa ajili ya safari hiyo. Na yule anayeweza kuitaja atagundua kwamba sehemu kubwa ya kujifunza inaweza kufanyika hapahapa Uganda, kwa gharama ndogo zaidi, kabla ya kukanyaga uwanja wa ndege.

Tuanze na hesabu, maana watu wa mpakani ni watu wa hesabu.

Ni kweli kwamba vyuo vikuu vingi vya umma nchini Ujerumani havitozi ada ya masomo, hata kwa mgeni. Hilo mawakala hawadanganyi. Lakini si vyote. Jimbo la Baden-Württemberg lilianza mwaka 2017 kuwatoza wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa kila muhula. Zaidi ya hayo, kozi ya lugha, hata inapofundishwa ndani ya majengo ya chuo kikuu, mara nyingi hulipiwa, kwa sababu si sehemu ya shahada. Hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea. Wanasikia kwamba chuo kikuu ni bure, wakadhani na darasa la lugha ni bure.

Kisha kuna pesa ya kujikimu. Ubalozi hautoi visa kwa mtu asiyeonyesha atakula nini na atalala wapi. Njia inayotumiwa na wengi ni akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto. Kiwango cha mwanafunzi kilipandishwa mwaka 2024 hadi euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa mwezi. Tukikadiria euro moja kuwa shilingi 4,000 za Uganda, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 47, na bado hatujataja nauli ya ndege, ada ya visa na ada ya kozi.

Ndugu msomaji, zingatia jambo hili, maana ndipo watu wanapoibiwa. Pesa ya akaunti hiyo si ya wakala na si ya chuo. Ni ya mwanafunzi mwenyewe, akaunti ina jina lake, na akifika Ujerumani hufunguliwa kiasi fulani kila mwezi ili alipe chumba na chakula. Mtu akikuambia umkabidhi milioni hizo mkononi ili yeye akuwekee, huyo hakusaidii. Wapo wanaokwepa akaunti hiyo kwa njia halali, ama kwa kupata ufadhili, ama kwa kuwa na ndugu anayeishi Ujerumani ambaye yuko tayari kutia saini mbele ya serikali kwamba atabeba gharama zote. Saini hiyo si ya adabu tu. Mambo yakiharibika, aliyeiweka hudaiwa.

Wengine hujipa moyo kwamba kijana atafanya kazi na kurudisha pesa. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili, au siku 280 za nusu kutwa, kwa mwaka. Zamani zilikuwa siku 120. Ni nafuu, lakini ni nafuu ya kuongezea posho. Anayesoma lugha ngeni mchana na kuosha vyombo usiku hawezi kulikomboa shamba la baba yake ndani ya mwaka mmoja, na mara nyingi lugha yenyewe ndiyo inayoumia.

Tatu ni visa. Visa ya kozi ya lugha si sawa na visa ya kusoma shahada. Ile ya lugha hutolewa kwa kozi nzito, ya vipindi visivyopungua 18 kwa wiki, na kwa kawaida haizidi mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, kijana awe ametimiza masharti ya kitu kingine, kama vile kukubaliwa chuoni au kupata nafasi ya mafunzo ya ufundi, la sivyo anarudi nyumbani. Anayekwenda kwa visa ya masomo huwa na barua ya chuo inayosema amekubaliwa, au atakubaliwa akishafaulu lugha. Hizo ni barua mbili tofauti na mwisho wake ni tofauti. Mzazi anayeuza kiwanja bila kujua mwanawe ana ipi kati ya hizo ni sawa na mfanyabiashara anayevusha gari la mizigo bila kujua karatasi zake zimeandikwa bidhaa gani.

Nne ni kiwango cha lugha. Wazungu wa Ulaya hupima lugha kwa ngazi sita, kuanzia A1 ya mwanzo kabisa hadi C2 ya mbobezi. Anayetaka kusoma shahada inayofundishwa kwa Kijerumani kwa kawaida hutakiwa kufaulu mtihani kama DSH au TestDaF, ambayo iko karibu na kilele cha ngazi hizo. Taasisi ya Goethe hukadiria kwamba mtu huhitaji vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45 ili kufika B1, ambayo ni katikati tu, na vipindi 800 hadi 1,000 ili kufika C1. Hebu tupige hesabu. Kijana aliyetua Frankfurt bila neno hata moja, akisoma vipindi 20 kwa wiki bila kukosa, atatumia miezi mingi kujifunza kuhesabu, kusalimia na kuuliza njia. Mambo hayo angeweza kujifunza Kampala akilala kwa shangazi yake.

Kisu hunolewa baada ya kufuliwa. Kwenda Ujerumani kunoa lugha kuna faida kubwa mno kwa aliyekwisha kuwa na lugha. Mtu mwenye B1 akifika pale, soko, basi, redio na jirani vyote vinakuwa walimu wake, na miezi sita humpandisha kuliko miaka miwili ya darasani. Asiyekuwa na kitu huishia kukaa na wenzake wa Afrika Mashariki wakizungumza Kiingereza na Kiswahili, huku Kijerumani kikipita barabarani bila kuingia ndani ya nyumba.

Na huku kwetu pa kufulia kisu pako. Goethe-Zentrum ya Kampala hufundisha na kutahini. Chuo Kikuu cha Makerere kina walimu wa Kijerumani. Deutsche Welle ina masomo ya bure kwenye intaneti kwa yeyote mwenye simu na subira. Shirika la ufadhili la DAAD, ambalo limekuwa na ofisi Nairobi tangu 1973, hutoa misaada ya aina nyingi, ikiwamo ya kozi za lugha za kiangazi katika vyuo vikuu vya Ujerumani. Lakini hizo za kiangazi humtafuta mwanafunzi wa chuo ambaye tayari Kijerumani anacho. Kwa maneno mengine, hata wenye pesa zao hawalipii A1 ya mtu. Kwa nini mkulima wa Bukonzo ailipie kwa shamba?

Wajerumani wenyewe walilijua somo hili zamani. Mwaka 1887, walipokuwa wanajitafutia makoloni, walifungua Berlin chuo cha lugha za mashariki, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofundishwa. Hawakungoja maofisa wao wafike Dar es Salaam ndipo waanze kutamka. Waliwachukua wenye lugha wakawapeleka Berlin. Mmoja wao ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani ya Bagamoyo, aliyefika huko mwaka 1900 kuwa mwalimu. Maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Maisha ya Mtoro hayakuwa mepesi. Baadhi ya wanafunzi walimdharau kwa rangi yake hata akaiacha kazi ile. Baadaye alifundisha Hamburg, na alifariki Berlin mwaka 1927.

Siisimulii habari hiyo ili tuwapongeze wakoloni. Walijifunza Kiswahili ili watawale, wakusanye kodi na wahukumu kesi. Ila tutazame mpangilio wao: kazi ilijulikana kwanza, lugha ikafuata, na safari ikaja mwisho. Sisi tunaanza na safari, tunategemea lugha itatokea huko, na kazi tunamwachia Mungu.

Ajabu ni kwamba mpangilio ulio sahihi hauko Berlin peke yake. Uko Mpondwe. Mama anayevusha samaki wa chumvi kwenda Kasindi na kurudi na vitenge hakusomea lugha popote. Kwao anazungumza Lhukonzo, na kwa ndugu zake Wanande wa ng'ambo lugha hiyo inasikika bila mkalimani. Mteja akitoka Beni au Butembo, anahamia Kiswahili cha Kongo. Akifika mbele ya maofisa wa DGDA, yaani forodha ya Kongo, karatasi ni za Kifaransa, basi amejifunza kusoma neno la ushuru, la uzito na la tarehe. Akirudi upande wa Uganda, ni Kiingereza. Lugha nne, na kila moja imeingia kwa sababu kulikuwa na mzigo wa kuibeba.

Mtaji huo tunaudharau kwa sababu hauna cheti. Lakini dunia inayouzunguka mpaka wetu inabadilika. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Marais Museveni na Tshisekedi walikutana Mpondwe Juni 2021 kuzindua ujenzi wa barabara za upande wa pili, kuelekea Beni na Butembo. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wa kazi hiyo hawatatosha leo wala kesho. Kijana wa Bwera mwenye Kiswahili safi na Kifaransa cha kuandikia barua ana kazi mlangoni, na hakuhitaji Sperrkonto.

Na huko Ujerumani kwenyewe Kiswahili kina wateja. Kinafundishwa Leipzig, Bayreuth na kwingineko. Deutsche Welle imekitangazia tangu 1963. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, alikifundisha Leipzig kwa miaka mingi. Kwa hiyo anayekwenda huko aende akijua kwamba naye ana bidhaa ya kuuza. Mwenye Kijerumani kizuri na Kiswahili kibovu ni mkalimani nusu. Wapo vijana wetu ambao, wakiombwa kutafsiri barua ya ofisi kutoka Kijerumani kwenda Kiswahili, hukwama upande wa Kiswahili.

Tuulize sasa: Kijerumani kina kazi gani kwa mtu wa Kasese? Kazi ipo, na inaweza kutajwa kwa majina.

Kwanza ni utalii. Hifadhi ya Queen Elizabeth inaanzia hapo Kikorongo, na milima ya Rwenzori iko juu yetu. Wajerumani ni watu wa kusafiri, na mwongozaji anayeweza kuwaeleza kwa lugha yao habari za simba, za ikweta na za barafu ya mlimani hagombanii wateja na kundi zima.

Pili ni kahawa. Ujerumani ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa kahawa duniani, na bandari ya Hamburg ni mlango wake. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka kahawa na kakao zinazoingia kwao zithibitishwe kwamba hazikulimwa kwenye msitu uliofyekwa baada ya 2020. Sheria hiyo ilipaswa kuanza kutumika Desemba 2024 ikaahirishwa, lakini wanunuzi walianza mapema kuuliza ramani za mashamba. Chama cha ushirika kinachokuwa na mtu wa kusoma barua ya mnunuzi katika lugha ya mnunuzi, na kumweleza mkulima wa mlimani kwa Lhukonzo kinachotakiwa, hakidanganywi kwa urahisi.

Tatu ni uuguzi na ufundi. Ujerumani inawahitaji, na haifichi. Kenya ilitia saini nayo mkataba wa wafanyakazi mjini Berlin Septemba 2024. Kadi ya kutafuta kazi ambayo Ujerumani ilianza kuitoa Juni 2024 humtaka mwombaji awe na shahada au ufundi aliousomea angalau miaka miwili, ndipo lugha ihesabiwe. Anayetaka mafunzo ya ufundi kazini kwa kawaida huombwa B1, na muuguzi huombwa B2 ili cheti chake kitambuliwe kikamilifu. Katika njia zote hizo taaluma ndiyo mzigo, lugha ni gari. Gari tupu halivuki mpaka kwa faida.

Kuna ushahidi mwingine ulio karibu zaidi. Anayekwenda Katwe, mwendo mfupi kutoka Kikorongo, huyaona magofu ya kiwanda cha chumvi kilichojengwa na kampuni ya Kijerumani katika miaka ya 1970. Mitambo ilikuwa ya kisasa, lakini mabomba yakaliwa na maji ya ziwa lenyewe, na kiwanda kikafa. Wachimba chumvi waliendelea na njia zao za zamani. Ujuzi wa mbali, hata uwe mzuri namna gani, usipoulizia kwanza mahali unapokwenda kutumika, huoza. Kijerumani nacho ni hivyo.

Niseme neno kwa ninyi mliorudi, iwe kutoka Ulaya, Ghuba au kwingineko. Ninyi ndio mnaoaminiwa kuliko wakala na kuliko ubalozi. Mkikaa kwenye kiti cha mbele cha teksi mkasimulia majengo na treni tu, mnauza mashamba ya watu bila kukusudia. Semeni na mengine: chumba kilikuwa kiasi gani, mlisoma saa ngapi, mlianguka mtihani mara ngapi, wangapi walirudi kabla ya muda. Na mwenye Kijerumani asikiache kikafa. Darasa la jioni la A1 pale Kasese mjini, watu 10, ada ndogo, linaweza kumwonyesha kijana ndani ya miezi michache kama ana moyo wa lugha hiyo au alikuwa na hamu ya ndege tu.

Kwa wafanyabiashara na vikundi vya kukopeshana, nina pendekezo. Msimkopeshe mtu pesa ya safari. Mkopesheni pesa ya ngazi moja ya lugha na ya mtihani wake. Akileta cheti cha A1, mpeni ya A2. Akifika B1 akiwa na taaluma mkononi na barua ya chuo au ya mwajiri, hapo kikao kikae kuzungumzia mambo makubwa. Atakayeshindwa njiani atakuwa amepoteza laki kadhaa, si shamba, na Kijerumani kidogo alichopata hakitamzuia kusimama tena sokoni.

Na mzazi anayesubiriwa kutia saini ya kuuza ardhi, amwite mwanawe amuulize mambo matatu: una ngazi gani ya lugha leo, visa yako ni ya kozi au ya shahada, na ukishakijua Kijerumani utakitumia kwa kazi gani, kwa nani? Kijana aliyejiandaa atajibu bila kumpigia wakala simu. Akishindwa kujibu, shamba libaki, na kahawa ivunwe msimu ujao. Ada ya A1 inaweza kutoka kwenye mavuno hayo.